Jinsi ya kuingia kwenye kazi ya kutunza na kutibu wanyama: kutoka kidato cha nne hadi mteja wa kwanza

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, maswali huanza upya. Nina D ya Baiolojia, naweza kusomea mifugo? Bwana mifugo na daktari wa mifugo wanatofautianaje? Napenda wanyamapori, nianzie wapi? Msichana ataiweza kazi hii? Nimeamua kuyajibu kwa mpangilio, kwa mtu ambaye hajui hata pa kuanzia. Nitakaa zaidi Tanzania kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi. Kenya nitaigusa pale njia zinapoachana.

Jambo moja lishike tangu sasa: hii ni kazi ya mikono, na cheti kinakuja kuipa mikono hiyo ruhusa. Wengi huanza na cheti, kisha hugundua chuoni kwamba hawawezi kumsogelea ng'ombe. Ndiyo maana katika mwongozo huu zizi limetangulia fomu ya chuo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Cheti au hati ya matokeo ya kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA. Hakikisha majina yanafanana kote, herufi kwa herufi. Jina likiandikwa "Saidi" huku na "Said" kule, lirekebishe mapema, maana usumbufu wake hukufuata hadi siku ya kuomba ajira.
- Gambuti, ovaroli, daftari gumu na kipimajoto chako mwenyewe.
- Chanjo ya pepopunda. Ukikusudia kufanya kazi na mbwa na paka, uliza hospitali kuhusu chanjo ya kinga ya kichaa cha mbwa kabla hujaumwa.
- Mtu mmoja wa kukupokea: mfugaji wa jirani, bwana mifugo au bibi mifugo wa kata yenu, au msimamizi wa machinjio.
- Nafasi ya kuamka usiku. Ng'ombe akikwama na ndama saa nane za usiku, hasubiri kukuche.

Hatua ya 1: Chagua mnyama na aina ya kazi

"Napenda wanyama" haitoshi. Jiulize ni wanyama gani, na unataka kuwafanyia nini.

Nafasi nyingi ziko kwenye mifugo: tiba, chanjo, ukaguzi wa nyama, uhimilishaji (kupandikiza mbegu za dume kwa chombo), usimamizi wa majosho na minada, mashamba ya ng'ombe wa maziwa, mabanda ya kuku. Karibu kila kata yenye ng'ombe inamhitaji mtu wa namna hii, na mara nyingi aliyepo anahudumia eneo kubwa kuliko uwezo wake.

Kwenye wanyamapori milango ni michache na mashindano ni makali. Hapa ndipo penye kosa ninalokutana nalo mara nyingi: kijana anadhani askari wa wanyamapori anashinda na twiga. Sehemu kubwa ya kazi ile ni doria, sheria, ushahidi wa mahakamani na kuzungumza na vijiji ambavyo tembo wamekula mahindi yao. TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (mamlaka ya wanyamapori) na mamlaka ya Ngorongoro ziko chini ya Jeshi la Uhifadhi, kwa hiyo jiandae kwa nidhamu ya kijeshi. Kazi ya kumlea mnyama mmoja mmoja ipo, ila ni ya wachache. Kwenye kituo cha tembo yatima cha Sheldrick, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, walezi huwanyonyesha ndama kwa chupa takriban kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na hulala nao chumba kimoja.

Kundi la tatu ni mbwa, paka na punda. Mijini kliniki za mbwa na paka zinaongezeka. Pwani, kliniki ya punda ya Lamu inafanya kazi tangu 1987, katika mji ambao punda ndiye mbeba mizigo.

Zipo na kazi ambazo vijana hawazifikirii kabisa. Maabara za veterinari zinahitaji watu wa kutunza wanyama na sampuli. Morogoro, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Panya mmoja aliyefundishwa pale, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kutafuta mabomu Kambodia. Wakufunzi na watunzaji wa panya hao ni watu wenye ajira kama ajira nyingine.

Hatua ya 2: Jipime zizini kabla ya kujaza fomu

Omba kujitolea kwa miezi michache. Usiombe kuchoma sindano, huna ruhusa hiyo. Omba kufagia, kukata majani, kubeba maji, kushika kamba na kutazama.

Jifunze kwanza kusogea. Ng'ombe msogelee kutoka ubavuni, mahali anapokuona, ukiongea kwa sauti ya chini. Teke lake huzunguka kupitia pembeni kuelekea mbele, tofauti na punda anayerusha moja kwa moja nyuma. Ukiwa lazima uwe karibu na paja, simama umegusana nalo kabisa. Teke la mnyama uliyemgusa linakusukuma, la mnyama uliye hatua moja kutoka kwake linakuvunja.

Kisha jifunze kupima joto, kwa sababu hakuna uchunguzi unaoanza bila namba hiyo. Mnyama awe amefungwa au amebanwa kwenye kizuizi cha mbao, na awe amepumzika kivulini. Aliyetoka kutembea juani atakupa joto la uongo. Funga uzi kwenye kipimajoto, na mwisho wa uzi weka kibanio ukibane kwenye nywele za mkia. Kipimajoto kikiteleza, hakitaanguka na kuvunjika. Kipake mafuta au maji ya sabuni, kiingize taratibu kwenye njia ya haja kubwa, kisha kielekeze pembeni kiguse ukuta wa utumbo. Kikiwa katikati ya kinyesi, unapima joto la kinyesi. Ng'ombe mzima mwenye afya huwa kati ya nyuzi 38 na 39.3 hivi. Mbuzi huwa juu kidogo. Kuku anafika 41 na kitu, kwa hiyo usishtuke.

Andika namba hiyo na jina la mnyama. Mguse tezi chini ya sikio na mbele ya bega, ujue zikiwa za kawaida zina ukubwa gani. Siku utakapokutana na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, joto likiwa limepita 40 na tezi ya chini ya sikio imevimba upande ulio na kupe wengi, mkono wako utaitambua kabla hujafungua kitabu.

Msichana anaiweza kazi hii? Anaiweza. Ng'ombe wa kilo 300 hashindwi kwa misuli na mtu yeyote, mwanamume au mwanamke. Anashindwa kwa kamba, kizuizi na utulivu.

*Angalizo:* katika kipindi hiki utakutana na mimba iliyotupwa au kondo la nyuma. Usishike kwa mikono mitupu. Ugonjwa wa kutupa mimba unaambukiza binadamu, na homa zake zinaweza kukusumbua kwa muda mrefu. Vaa glavu, na maziwa ya zizi lolote yachemshe kabla ya kunywa.

Hatua ya 3: Linganisha alama zako na njia zilizopo

*Una kidato cha nne.* Njia ya kawaida ni vyuo vya LITA, yaani Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo. Kampasi zake ni Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Temeke, Mabuki, Madaba na Kikulula. Vipo pia vyuo binafsi. Unaanza ngazi ya 4, unakwenda ya 5 na kupata astashahada, kisha ya 6 na kupata stashahada, kwa kawaida mwaka mmoja kila ngazi. Unahitaji ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, na masomo ya sayansi, hasa Baiolojia, ndiyo yanayobeba maombi yako. Masharti ya kila kozi soma kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wa mwaka unaoomba. Wa mwaka jana usiutegemee.

*Una kidato cha sita chenye Kemia na Baiolojia.* Unaweza kuomba Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro. Shahada ya udaktari wa mifugo ni miaka mitano. Hapo ndipo penye jibu la swali la bwana mifugo na daktari: daktari wa mifugo ana shahada hiyo, na ndiye mwenye mamlaka kamili ya tiba na upasuaji. Mwenye astashahada au stashahada ni mtaalamu msaidizi anayefanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Ukianza na stashahada mlango wa shahada haufungwi. Wapo waliopitia huko, wakaingia SUA wakiwa na mikono iliyokwisha kuzoea.

*Unataka wanyamapori.* Chuo cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, kinafundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963. Pasiansi, Mwanza, ndicho chuo cha walinzi wa wanyamapori. Askari wa wanyamapori wa vijiji hupata mafunzo Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, na kwa kawaida ni kijiji kinachokuteua, kwa hiyo anza kwa kujulikana kijijini.

*Uko Kenya.* Ngazi ya cheti na diploma inafundishwa kwenye vyuo vya afya ya mifugo viitwavyo AHITI, vya Kabete, Ndomba na Nyahururu. Shahada ya udaktari wa mifugo inapatikana Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Upper Kabete. Msajili ni Kenya Veterinary Board, kwa sheria ya mwaka 2011.

Hatua ya 4: Omba chuo, mapema na mwenyewe

Maombi hufanyika kwenye mfumo wa chuo au wa NACTVET, na kwa shahada utaratibu uko chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu. Jaza mwenyewe. Ukienda stationari wakusaidie, kaa pembeni ya anayejaza, uandike barua pepe na nywila kwenye daftari lako. Kila mwaka kuna vijana wanaochaguliwa na hawajui, kwa sababu taarifa ilikwenda kwenye simu ya mwenye duka.

Kabla hujalipa hata shilingi, tafuta jina la chuo kwenye orodha ya vyuo vilivyosajiliwa na NACTVET, na uangalie kama *kozi* yenyewe ina ithibati. Chuo kinaweza kuwa halali kwa ualimu na kisiwe na kibali cha kufundisha afya ya mifugo. Malipo ya vyuo vya serikali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo. Anayekutaka utume pesa kwenye namba yake ya simu, mwache.

Hatua ya 5: Chuoni, fuata mahali penye wanyama

Darasani utafundishwa, sina wasiwasi. Wasiwasi wangu uko kwenye mafunzo kwa vitendo, ambako wengi huchagua ofisi iliyo karibu na nyumbani, wakasaini daftari, wakarudi. Chagua sehemu yenye kazi nyingi, hata ikiwa mbali.

Machinjio ni shule kubwa kuliko inavyosifiwa. Kwa asubuhi moja utaona mapafu, ini na tezi za ng'ombe wengi, wazima na wagonjwa, jambo ambalo chuoni lingechukua mwaka. Kata ini uone minyoo bapa kwenye mirija ya nyongo. Angalia misuli ya shavu na ulimi kama ina viluwiluwi vya tegu. Mwombe mkaguzi akueleze kwa nini ametupa kiungo hiki na kuacha kile.

Ukipata nafasi ya uhimilishaji, ichukue. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kipo Usa River, Arusha. Mbegu huhifadhiwa kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na kabla ya kutumika huyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 37. Kanuni ya saa ni nyepesi: ng'ombe aliyeonekana kwenye joto, yaani anatafuta dume, asubuhi, mpandikize jioni. Wa jioni, mpandikize kesho yake asubuhi. Mfugaji wa maziwa atakulipa kwa ujuzi huu hata kama serikali haijaajiri mwaka huo.

*Angalizo ambalo nakuomba usilisahau maisha yako yote:* mnyama aliyekufa ghafla, tumbo limejaa haraka, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au haja kubwa, usimpasue. Huyo mdhanie kimeta mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ukimfungua, vimelea vinajigeuza kuwa mbegu zinazoweza kukaa kwenye udongo kwa miongo. Zuia watu wasigawane nyama, toa taarifa kwa daktari wa mifugo wa wilaya, na mzoga uchomwe au ufukiwe kina kirefu kama atakavyoelekeza. Watu watakulaumu kwa kupoteza nyama. Simama hapo hapo.

Hatua ya 6: Jiandikishe kabla ya kugusa sindano ya malipo

Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, cheti cha chuo peke yake hakikupi ruhusa ya kutoa huduma. Baraza la Veterinari husajili madaktari, huandikisha wenye stashahada na huorodhesha wenye astashahada. Peleka vyeti vyako mara tu unapohitimu, maana waajiri wengi huuliza hati ya Baraza kabla ya kitu kingine. Ukitaka kufungua kituo cha huduma au duka la dawa za mifugo, jengo nalo lina usajili wake.

Hatua ya 7: Tafuta ajira, na huku ukijenga wateja

Nafasi za serikali hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira. Fungua akaunti, pakia vyeti, kisha usikae nyumbani kusubiri. Peleka barua kwenye mashamba ya maziwa, kampuni za vifaranga na vyakula, maduka ya dawa za mifugo na mashirika ya ustawi wa wanyama.

Ukitaka kujiajiri chini ya daktari anayekusimamia, anza na chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku kwa wingi, kwa kuku wa kienyeji. Mtaji ni mdogo na matokeo yanaonekana. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na TVLA (wakala wa maabara za veterinari), hutolewa tone moja kwenye jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Panga siku moja kwa kitongoji kizima, kwa sababu ukichanja nyumba moja na kuacha nne, ugonjwa utabaki jirani. Wahesabu kuku jioni wakiwa wamelala. Fika alfajiri kabla hawajafunguliwa. Shika kuku kwapani, kichwa kikiwa pembeni, dondosha tone, na subiri apepese jicho ndipo umwachie. Tone lililoteleza shavuni halijamchanja. Chanjo hii inavumilia joto kuliko nyingine, lakini iweke kwenye boksi la barafu na mbali na jua. Chanjo nyingi utakazobeba baadaye zinataka nyuzi 2 hadi 8 bila mjadala.

Makosa yanayowamaliza wanaoanza:

- Kuchanja kuku ambao tayari wanaumwa. Chanjo haitibu, na vifo vitaandikwa kwa jina lako.
- Kumchoma kila mnyama aliyekataa kula oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria. Pima, chunguza, ndipo uamue. Usugu wa dawa unajengwa hivi hivi, zizi kwa zizi.
- Kutomwambia mfugaji muda wa kusubiri kabla ya kuuza maziwa au kuchinja. Uko kwenye lebo. Msomee, kisha umwandikie.
- Kutoza bila kutaja bei kwanza.

Ukikwama

*Alama hazitoshi.* Rudia mtihani ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea, hasa Baiolojia na Kemia, huku ukiendelea kufanya kazi kwenye banda la mtu. Kama hukupita sekondari, kuna mtihani wa maarifa kwanza. Mwaka wa kurudia mtihani ukiwa zizini si mwaka uliopotea.

*Ada inashinda.* Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ilianza kutoa mikopo kwa baadhi ya fani za stashahada, na kilimo na mifugo ilikuwemo. Fuatilia tangazo la kila mwaka. Halmashauri pia hutoa mikopo kwa vikundi vya vijana, wanawake na wenye ulemavu, ambayo inaweza kuanzisha banda la kuku la kukulipia.

*Naogopa damu.* Wengi waliogopa. Omba kutazama kuhasiwa kwa ndume kwa bardizo (koleo la kubana mishipa ya korodani), ambako hakuna jeraha, kisha uchunguzi wa kuku aliyekufa, kisha machinjio. Ukiona hofu haiondoki kabisa, elekea lishe, malisho, maabara au ugani.

*Wazazi wanasema nakwenda kusomea uchungaji.* Mpeleke mzazi siku moja kwa bwana mifugo anayeheshimika wilayani kwenu, akae naye, aone simu zinavyoingia.

*Nimeumwa na mbwa kazini.* Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama ulishachanjwa. Usipake pilipili wala mafuta ya breki.

*Wafugaji hawalipi.* Toa huduma za chanjo kwa malipo ya papo hapo, kwa kikundi, mkusanyaji akiwa mtu wao wanayemwamini. Mkopo wa dawa usiuzidishe kiasi unachoweza kupoteza.

*Nimechanja, na kuku wamekufa.* Usikimbie na usibadilishe namba ya simu. Rudi siku hiyo hiyo. Huenda ugonjwa ulikuwa umeshaingia kabla ya chanjo, huenda boksi lilipata joto, au si kideri kabisa. Chukua kuku wawili waliokufa karibuni, wafunge kwenye mifuko miwili miwili, waweke kwenye boksi la barafu bila kuwagandisha, uwapeleke kituo cha TVLA cha kanda yenu. Andika tarehe ya chanjo, namba ya toleo iliyo kwenye chupa, idadi ya waliochanjwa na ya waliokufa. Majibu yakitoka, mpelekee mfugaji mwenyewe, hata yakikuhukumu wewe.